Ngoma Inayoishia Mlangoni

Mpenzi msikilizaji, kabla sijasema lolote, tega sikio. Nagonga meza hii iliyo mbele yangu. Pa. Kimya. Pa-pa-pa. Kimya. Mara ya pili: pa. Kimya. Pa-pa-pa. Kimya. Kama hapo ulipo pana mtoto wa miaka minne au mitano, nina hakika keshanijibu. Kagonga sufuria, kagonga kiti, au kagonga mgongo wa mdogo wake. Wewe mtu mzima ulikuwa ungali ukijiuliza, huyu leo ana nini na meza ya watu?

Mazungumzo ya leo ni ya mtoto huyo. Nataka tuizungumzie ngoma kama chombo cha kufundishia kusoma, kuhesabu, sayansi, hata historia, kwa watoto wadogo ambao bado wanahesabu kwa vidole na kufuta pua kwa mkono wa shati.

Najua yupo atakayenikata kauli kwa methali: ngoma ya watoto haikeshi. Naam, haikeshi. Lakini nani kasema somo linatakiwa likeshe? Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika thelathini. Kumi za mwanzo watoto wanagombea nafasi kwenye dawati, kumi za mwisho wanatazama dirishani mama muuza maandazi kafika wapi. Mwalimu anabakiwa na kumi za katikati, na kwa ngoma kumi zinatosha kabisa.

Ajabu ni kwamba ngoma tunazo. Nenda shule ya msingi yoyote unayoijua. Asubuhi mchakamchaka, na mbele kabisa anakimbia mwanafunzi mwenye ngoma kifuani. Paredi ikivunjika, watoto wanaingia madarasani kwa kuandamana, kushoto kulia, ngoma ikiwapangia hatua. Akija mgeni rasmi, ngoma zinatolewa, zinaanikwa juani tangu saa moja, watoto wa kikundi cha utamaduni wanafungwa khanga viunoni, vumbi linatimka, mgeni anapiga makofi na kutoa noti mfukoni. Gari lake likishaondoka, ngoma zinarudi stoo. Zinakaa na majembe, mifagio na lile goli la netiboli lililovunjika. Zinamsubiri mgeni mwingine. Ngoma tumeifanya mpokea wageni, na mpokea wageni siku zote huishia mlangoni.

Niliwahi kushika chaki miaka kadhaa kabla sijashika maikrofoni. Darasa la kwanza, watoto themanini na kitu, madawati yasiyotosha. Kazi yetu ilikuwa KKK: kusoma, kuandika, kuhesabu. Wiki ya kugawa maneno katika silabi ndiyo iliyonishinda. Naandika ubaoni ma-ha-ra-gwe na vistari katikati. Watoto wanaandika ma-ha-ra-gwe na vistari katikati. Nageuka, nafuta, nasema: haya, gawanyeni kalamu. Wananitazama. Walikuwa wamenakili vistari vyangu kama mtu anavyonakili picha ya nyumba. Hawakujua vimetoka wapi.

Jioni hiyo nilichukua kopo tupu la maziwa ya unga, nikakata kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, nikauwamba juu yake na kuukaza kwa kamba ya katani. Ukitaka kujaribu nyumbani, siri ni kuuvuta mpira kutoka pande zinazotazamana, kamwe usizunguke upande mmoja kwanza. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, na kweli ngozi ikivutiwa upande mmoja ngoma inalia kama debe la taka.

Kesho yake sikuandika kitu ubaoni. Nilisema neno, na mikono ya watoto ikalipiga juu ya madawati, pigo moja kwa kila sauti ya mdomo, aliyeshika kopo akiongoza. Kalamu: pa-pa-pa. Maharagwe: pa-pa-pa-pa. Hakuna aliyekosea. Mdomo ulikuwa umejua siku zote. Kilichokuwa kimekosekana ni njia ya mdomo kuuambia mkono.

Tulipofika kwenye neno mti, darasa likapasuka vipande viwili. Nusu walipiga mara moja, nusu mara mbili. Ukazuka ubishi ambao hata bungeni ungefaa. Waliopiga mara moja walidai m ni ya kufungua mdomo tu. Binti mmoja wa dawati la nyuma akasimama, akalivuta neno polepole: mmmm-ti. Akapiga, pa, pa. Akakaa. Wakajaribu mtu, pa-pa. Nchi, pa-pa. Nne, pa-pa. Kisha nikawategea mtego: mbuzi. Pa-pa, mbu-zi, hapa m haina pigo lake, imebebwa mgongoni na bu. Na mbwa? Wakapiga mara mbili, na ile m ndiyo iliyopata pigo zito. Huyo m anayejitegemea kwa mbwa na kubebwa kwa mbuzi ni jambo ambalo wanafunzi wa isimu hulisoma chuo kikuu na kulifanyia mtihani. Watoto wangu wa miaka saba walilisikia, wakaligombania, wakalimaliza kabla kengele haijagonga, yaani kabla ile rimu ya gari iliyoning'inia mwembeni haijagongwa.

Kiswahili, msikilizaji, kina mkazo wake, na karibu kila neno linautia kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mtoto hahitaji kuambiwa kanuni hiyo. Mpe ngoma yenye sauti mbili, nzito ya katikati ya ngozi na nyembamba ya ukingoni, umwambie silabi inayovimba apige katikati. Kisha mpe neno barabara. Ile tunayopita na magari: ukingo, ukingo, KATIKATI, ukingo. Halafu mwambie kazi yako umeifanya barabara: ukingo, KATIKATI, ukingo, ukingo. Herufi ni zilezile nane, maana mbili, na kinachozitenganisha ni mahali pigo zito lilipotua. Ubao hauwezi kuionyesha tofauti hiyo. Ngoma inaweza.

Wapo waliolijua jambo hili kuliko sisi. Huko Kongo, kwenye kingo za mto karibu na Kisangani, Walokele walikuwa na ngoma isiyo na ngozi, gogo lililochimbwa tumbo kupitia mwanya mrefu, midomo yake miwili ikitoa sauti mbili, ya juu na ya chini. Kwa sauti hizo mbili walipelekeana habari kijiji hadi kijiji: msiba, ugeni, mashua inakuja. Mmisionari mmoja wa Kiingereza, John Carrington, aliyeishi nao na kujifunza kuipiga, aliandika kitabu juu yake mwaka 1949. Lugha yao, tofauti na Kiswahili chetu, ina toni: neno hupanda na kushuka, na ukikosea kupanda umesema jambo jingine. Ngoma inazitwaa toni hizo na kuacha konsonanti na irabu nyuma. Hapo ndipo penye kazi. Katika lugha hiyo neno la mwezi, neno la kuku na neno la aina fulani ya samaki yana toni zilezile. Ukipiga moja, msikilizaji wa kijiji cha pili atajuaje umemaanisha lipi? Basi mpigaji hasemi mwezi tu. Anasema mwezi unaotazama chini ardhini. Hasemi kuku tu. Anasema kuku, kadogo kanakolia kiokio. Anarefusha ili aeleweke.

Hebu fikiria somo la kuandika insha linaloanzia hapo. Mwalimu anapiga neno moja kwa ngoma, watoto wanakisia, wanakosa. Anawaambia, saidieni, ongezeni maneno mpaka asiyeona kitu ajue ni kuku. Mtoto aliyezoea kuandika “kuku ni ndege” anajikuta anatafuta sifa za kuku, mlio wake, mwendo wake, anavyoparua jalala. Huo ni uandishi, na kalamu bado haijaguswa.

(Kwa walimu wa madarasa ya juu nitasema pembeni tu: mizani ya shairi nayo ni hesabu ya mapigo. Mwanafunzi anayehesabu mizani nane kwa vidole huku jasho likimtoka angeyapata yote kwa kiganja kimoja mezani.)

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwapima watoto wa miaka mitatu na minne. Mtu mzima alipiga ngoma, mtoto akatakiwa apige sambamba naye. Walioweza kuyafuata mapigo ndio waliofanya vizuri zaidi pia katika stadi zinazotangulia kusoma, kama vile kuzitambua sauti zilizomo ndani ya maneno. Sasa hapo tusije tukapeperuka. Utafiti huo hausemi kwamba ukimpa mtoto ngoma Jumatatu, Ijumaa atakusomea gazeti. Unaonyesha kwamba uwezo huo wa aina mbili huenda pamoja. Siku hizi kuna watu wanauza muziki kama dawa ya mbu: washa, weka karibu na mtoto, akili zitaongezeka. Mimi siuzi dawa. Nasema tu kwamba sikio linalotenganisha pigo na pigo, na sikio linalotenganisha silabi na silabi, ni sikio lilelile, na sikio hufundishwa kwa kutumiwa.

Turudi kwenye meza yangu. Pa, kimya, pa-pa-pa, kimya. Umehesabu mara ngapi? Wengi watasema nne, kwa sababu wamesikia mapigo manne. Lakini weka na vile vimya viwili, ni sita. Kumbe nilikuwa nafanya hivi: mkono wa kushoto ulipiga kila baada ya mbili, yaani moja, tatu, tano. Mkono wa kulia ulipiga kila baada ya tatu, yaani moja, nne. Ikikutana yote miwili ni pale kwenye moja, kisha inaachana, inapishana, na haikutani mpaka saba, ambayo ni moja mpya. Wakubwa wakifika darasa la tano wataambiwa hicho ni kigawe kidogo cha shirika cha mbili na tatu, wataandika KDS kwenye daftari na kupiga mstari chini yake kwa rula. Mtoto wa darasa la kwanza hahitaji jina. Lakini gawa darasa mafungu mawili, fungu moja lipige kila ya tatu, jingine kila ya nne, wote wakihesabu kwa sauti, uone wanavyokodoa macho wakikaribia kumi na tatu. Wanajua wanakwenda kukutana. Wakikutana wanapiga kelele kama Simba wamefunga, au Yanga, nisije nikagombana na nusu ya wasikilizaji wangu.

Ngoma nyingi za kwetu zimesukwa hivyohivyo, mbili ndani ya tatu, tatu ndani ya nne. Mtoto aliyekulia kwenye sherehe anazo mwilini kabla hajajua kuandika 2. Anakuja shule akiwa nazo, tunamkalisha, tunaanza upya na vizibo vya soda.

Sehemu nazo? Nusu, robo, thumuni. Pigo moja, katikati yake pigo jingine, katikati ya hayo mengine. Thumuni ni sehemu moja ya nane, neno ambalo wazee wetu walilitumia hata kwa sarafu ya senti 50, nasi tumelisahau. Sitakaa hapo.

Nitakaa kwenye kimya. Katika miaka yangu ya kufundisha, kitu kilichokuwa kigumu kuliko vyote kwa watoto kwenye ngoma kilikuwa kutopiga. Kupiga kila mtu anajua. Lakini ukisema tunapiga moja, mbili, tatu, na ya nne tunaiacha, mikono inakataa. Wa kwanza anapiga, wa pili anacheka, wa tatu anamsema wa kwanza. Inachukua siku mbili, tatu. Kisha asubuhi moja inatokea: watoto themanini wanafika kwenye nne, na darasa lote linanyamaza kwa pamoja, mikono imening'inia hewani. Nzi akipita, unamsikia. Halafu moja inashuka kwa kishindo.

Nafasi ile ya nne haina sauti, lakini ipo. Ukiiondoa, ngoma inaharibika. Mtoto aliyeishika nafasi hiyo kwa mikono yake hatasumbuka sana atakapokutana na sifuri katika 205, ile sifuri ambayo wenzake huiruka na kuandika 25, kwa sababu wanaona haina kitu. Haina kitu, lakini imeshika nafasi. Nimejaribu kuieleza sifuri kwa maembe: nina maembe matatu, nimekula yote, yamebaki mangapi? Watoto wakajibu, mbegu tatu. Ngoma ilinisaidia kuliko maembe.

Na kimya hicho wasikilizaji wa umri wangu wanakijua kwa njia nyingine. Miaka na miaka Radio Tanzania Dar es Salaam ilitangulizia taarifa ya habari kwa ngoma za mzee Morris Nyunyusa, mpigaji asiyeona aliyeweza kujizungushia ngoma nyingi, kubwa na ndogo, akazipiga zote peke yake kana kwamba wapo watu sita. Nyumbani kwetu ngoma ile ikianza, baba alikuwa hasemi neno. Sisi tulijua mapigo yakikoma kutakuwa na kimya kidogo, na ole wake atakayekohoa kwenye kimya kile. Nadhani ndiyo shule yangu ya kwanza ya kusikiliza. Na yule mzee, ambaye hakuona hata ngozi moja ya ngoma zake, anatufaa kukumbukwa na kila mwalimu mwenye mtoto asiyeona darasani. Ubao unamwacha nje mtoto huyo. Ngoma inampa kiti cha mbele.

Sayansi naiacha ijieleze. Tia punje chache za mchele juu ya ngozi ya ngoma, piga taratibu pembeni. Mchele unaruka. Piga kwa nguvu, unaruka zaidi. Mwambie mtoto aguse ngozi wakati inalia, atahisi inatekenya kiganja. Akikandamiza, sauti inakufa. Baada ya hapo huna haja ya kuandika ubaoni kwamba sauti ni mtetemo. Siku ya mvua ngoma inalegea na kukoroma, kwa kuwa ngozi imenyonya unyevu. Ukiipeleka karibu na moto unyevu unatoka, ngozi inajikaza, sauti inapanda. Kila mpiga ngoma wa kijijini anajua hivyo, ndiyo maana pembeni ya uwanja wa ngoma hakukosi moto wa mabua. Na mkiwa na uwanja wa mpira, mpelekeni mwenzenu na ngoma kwenye goli la mbali, ninyi mkae goli hili, mwambieni ainue mkono juu kabisa kabla ya kupiga. Mtauona mkono umeshashuka, ndipo sauti inafika. Sauti hutembea kama mita 340 kwa sekunde, na uwanja wenyewe ni kama mita 100, kwa hiyo mnaisubiri karibu theluthi ya sekunde. Ni kidogo, lakini jicho linaidaka. Watoto wakishaiona, radi ya masika haiwatishi tena kama zamani; wanaanza kuhesabu sekunde kutoka mwanga mpaka ngurumo, tatu tatu, kilomita moja moja.

Kwenye historia nina kisa kimoja tu, nacho kinatosha kipindi kizima. Wapokomo wa Mto Tana, Kenya, walikuwa na ngoma yao kubwa takatifu, Ngadji, ambayo ndiyo iliyobeba heshima ya watawala wao. Mwaka 1902 maofisa wa kikoloni wa Kiingereza waliichukua, na mwaka 1908 ikafikishwa British Museum, London. Imekuwa huko tangu hapo, imehifadhiwa ghalani. Wapokomo haohao ndio wenye wimbo wa kubembelezea watoto ambao mahadhi yake yalitumika kuutunga wimbo wa taifa wa Kenya mwaka 1963. Kila asubuhi ya paredi, mtoto wa Kenya anaimba kwa sauti iliyotoka mgongoni mwa mama wa Kipokomo, na ngoma ya Wapokomo iko ghalani ng'ambo. Waulize watoto swali moja: mtu anayetaka kutawala nchi, kwa nini achukue ngoma? Niliwahi kuliuliza kwa watoto wa jirani yangu. Mmoja akasema, ili wasicheze. Wa pili, mwenye miaka minane, akafikiri, akasema, ili wasiitane.

Jirani zetu wa Burundi wangeongeza la kwao: kwa Kirundi, neno ingoma ni ngoma na ni ufalme pia. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma yao ya kifalme katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Katika upigaji ule zipo ngoma zinazoshikilia pigo moja bila kubadilika, amashakwe, zipo zinazofuata, ibishikizo, na ipo moja ya katikati, inkiranya, inayoongoza. Ukimfundisha mtoto kundi la hivyo, anajifunza kwamba anayeshikilia pigo moja tangu mwanzo hadi mwisho hajadharauliwa. Ndiye sakafu, na akiyumba yeye wote wanaanguka.

Kuna utafiti mwingine ninaoupenda kuliko ule wa kwanza. Ulifanyika Leipzig, Ujerumani, ukachapishwa mwaka 2009. Watoto wa kati ya miaka miwili na nusu na minne na nusu walipewa ngoma. Mara wapige pamoja na mtu, mara wapige pamoja na mashine inayojipigia, mara wafuate sauti itokayo kwenye spika. Mapigo yalikuwa yaleyale. Watoto waliyafuata vizuri zaidi pale walipopiga na mtu. Ndiyo maana sishtuki ninapoambiwa kwamba siku hizi kuna programu za simu zenye ngoma ndani yake, mtoto anagusa kioo inalia. Inalia, kweli. Lakini kioo hakimsubiri mwenzake, wala hakimtolei macho anapochelewa.

Na neno la wasichana. Wapo watakaosema ngoma ni ya wavulana, na kweli shule nyingi mvulana ndiye anayepewa mkwiro, msichana anapewa khanga ya kiunoni. Nawakumbusha tu kwamba ngoma ya muheme ya Wagogo, Dodoma, wapigaji wake ni wanawake, wameibana mapajani. Na Unguja, marehemu mwimbaji Bi Kidude alikuwa akiipiga ngoma ya msondo mpaka uzeeni, na hakuna mwanamume aliyethubutu kumwambia ampishe.

Sasa walimu wenzangu, nawasikia. Watoto tisini, ngoma moja, na kuta za darasa zinapitisha kila kitu. Ngoma moja inatosha, kwa sababu wengine wana madawati, mapaja na vifua. Aliyepata ngoma leo kesho anampa mwenzake, na daftari la zamu anashika mtoto mwenyewe, tena kwa zamu hiyo anajifunza siku za juma. Dumu la mafuta la lita 20, ndoo ya rangi, kopo la maziwa: kila kimoja kina sauti yake, na kuzipanga sauti hizo kutoka nzito mpaka nyembamba ni somo jingine. Kwa yote hayo sikuwahi kukosa kitu.

Kelele ndiyo iliyonipa taabu. Ukuta wangu wa kulia ulipakana na darasa la pili, na mwenzangu wa huko alikuwa mwalimu mkongwe, mpenda utulivu, ambaye aliniamkia kwa upole kila asubuhi na kunishtaki kwa mwalimu mkuu kila Ijumaa. Siku ile somo la mbili na tatu lilikuwa limetukolea. Pa, kimya, pa-pa-pa, kimya. Katikati ya kimya, ukuta ukagongwa kwa nguvu kutoka upande wa pili: pa! pa! Alikuwa na maana tunyamaze. Watoto themanini wakatazamana. Kisha, bila mimi kusema neno, wakajibu ukuta: pa-pa-pa.

Kukawa kimya. Nikangoja mlango ufunguliwe. Badala yake, upande wa pili wa ukuta, kwa mikono midogomidogo na mingi, darasa la pili likapiga moja.